Walivyokipaka Dhahabu Chombo Changu

Nilikitambua kwa bega. Vingine vyote walikuwa wameviondoa, rangi yake, mistari yake, mdomo wake, ila bega lilikuwa palepale, pana, likishuka taratibu hadi kwenye mguu mwembamba. Kilikuwa juu ya meza ya maharusi, kimepakwa dhahabu, ile dhahabu ya kupuliza inayopakwa kwenye rimu za magari. Ndani yake walikuwa wamechomeka manyoya ya mbuni na taa ndogondogo zinazowaka na kuzima, zinawaka na kuzima, kama duka la simu.

Nilidhani macho yananidanganya. Ndipo mshereheshaji akanyanyua kipaza sauti.

"Mama mkubwa wa bibi arusi yuko wapi? Asimame tumwone! Mama mkubwa, kamati ya mapambo imekufanyia jambo! Kile chombo chako kilichopasuka, ambacho ulikuwa unakionea huruma kukitupa, leo kimezaliwa upya! Jamani, vigelegele!"

Ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Watu wa bendi wakaongeza sauti. Mwenyekiti wa kamati ya mapambo akaja anacheza, kitambaa kinapepea mkononi, akanishika akanivuta mpaka mbele ya ile meza. Nami nikacheza. Ilikuwa harusi ya mtoto wa mdogo wangu, mtoto niliyemlea mimi; ningefanya nini, nilie? Mtu mzima akilia harusini wanasema ametia mkosi. Video iko kwenye simu za watu wote wa Yeoville, mtaa wetu hapa Johannesburg. Ukiitazama utaona mama aliyevaa kitenge cha rangi ya damu ya mzee, meno nje. Wanasema angalia alivyofurahi.

Nianze mwanzo, maana habari hii watu wameisikia kwa upande wa kamati tu.

Mimi nilizaliwa upande wa Ziwa Tanganyika, Kongo, na shule niliishia darasa la nne. Vita vilivyotutoa kule sitavieleza, wala moto wa Alexandra wa mwaka 2008, waliotuwashia sisi wageni, uliokula nyumba yangu ya mabati na kila kilichokuwamo. Nimeshavieleza kwenye ofisi nyingi mno, kwa watu wanaoangalia saa. Ninachotaka msomaji ajue ni hiki tu: mtu aliyekimbia mara mbili hanunui kitu bila kukipima kwa mkono. Je, kinabebeka? Je, kinafungika kwenye kitenge? Sufuria, ndiyo. Blanketi, ndiyo. Beseni, ndiyo, na mtoto ndani yake ikibidi. Nilifika umri wa kuitwa bibi sijawahi kuwa na kitu cha kutazama tu.

Mwaka 2015 nilipata kazi ya usafi katika duka la Wachina kule Cyrildene. Nilikuwa natoka Yeoville kwa miguu, nakatiza mtaa wa Observatory, nashuka hadi kwenye mtaa wao wenye harufu ya samaki mkavu na uvumba. Mwenye duka alikuwa mama mzee wa Kichina aliyezaliwa hapahapa Johannesburg. Kila mtu alimwita Anti, nami nikamwita hivyo. Yeye aliniita Mama. Tuliongea Kiingereza cha kuungaunga, na Kizulu kidogo tulipokwama.

Mbele ya duka aliuza mabakuli, chai, vijiti vya kulia. Nyuma, kwenye rafu ya mbao nyeusi, ndiko kulikokuwa na vyombo vya maua. Kazi yangu ilikuwa kuvifuta vumbi. Siku za kwanza nilivifuta kama nilivyozoea kufuta vioo vya watu.

"Mama," Anti akasema, "unavifuta kama unaogesha mtoto aliyekukosea."

"Anti, vumbi ni vumbi."

"Weka kitambaa chini. Tumia kiganja kwanza. Shuka nacho kutoka juu."

Nikaweka kiganja. Akaanza kunitajia: huu mdomo, hii shingo, hili bega, hili tumbo, huu mguu. Nikacheka, nikamwambia hata kwetu mtungi una mdomo na shingo na tumbo. Akasema na kwa Kichina vivyo hivyo, chombo kina mwili. Akanionyesha kimoja chenye matumbo mawili, dogo juu na kubwa chini, nikasema, "Anti, hiki ni kibuyu!" Akasema ndiyo, ni kibuyu, walikitazama kibuyu shambani wakakifanya kwa udongo. Siku ile nilirudi nyumbani nacheka peke yangu barabarani. Kumbe hawa watu nao wamelima vibuyu.

Kuanzia hapo sikuwa navifuta tu. Nilivitazama. Vile vyeupe vyenye michoro ya buluu, niliona kwamba buluu yake si moja. Mahali mchoraji alipopita haraka ni nyepesi kama moshi, mahali brashi ilipotulia imejikusanya, nzito, karibu nyeusi. Na weupe wake nao haukuwa weupe wa sahani za supamaketi. Ulikuwa na ubaridi ndani, kama maji ya mchele. Anti alikuwa anasema, "Usiangalie ua lililochorwa. Angalia pale ambapo hakuchora kitu." Mwanzoni nilidhani ni maneno ya uzee. Halafu nikaanza kuona kwamba ule weupe ulioachwa ndio unaolibeba ua, na kwamba mchoraji mwoga hujaza kila mahali.

Kwenye kona ya mwisho ya rafu kulikuwa na kimoja kisicho na mchoro wowote. Rangi yake ilikuwa kati ya kijivu na yai la bata. Mdomo mdogo, hauingizi hata vidole viwili, shingo fupi, bega pana, halafu mwili unapungua, unapungua, hadi mguuni. Na mwili wote ulikuwa umejaa mistari ya nyufa: mikubwa myeusi, na katikati yake midogo ya rangi ya chai, kama tope la ziwani linapokauka.

Mimi mwenyewe siku ya kwanza nilimwita. "Anti, hiki kimepasuka. Si mimi."

Alicheka mpaka akakaa. Akanieleza kwamba udongo na lile ganda la kioo lililopakwa juu yake havinywei sawasawa vinapopoa. Ganda linavutwa, linakatika, ila chombo chenyewe ni kizima. Zamani sana ilikuwa kosa la fundi, akasema, wakavitupa. Halafu akatokea mtu aliyetazama vizuri kabla ya kutupa. Tangu hapo wakaanza kuzifanya nyufa kwa makusudi, na mistari wakaipaka wino na chai ili ionekane. Akasema vikitoka tanurini vinalia, ting, ting, siku nzima na zaidi, na fundi anakaa karibu anasikiliza. Akakigonga kwa ukucha, akanipa nami nigonge. Kilitoa sauti fupi, safi.

"Sasa maua yanaingiaje kwenye mdomo huu?" nikamwuliza.

"Tawi moja tu. Tawi kavu lenye ua moja au mawili, wakati wa baridi. Ukikosa tawi, kiache hivyo. Hakina njaa."

Mwaka 2017 magoti yalimshinda, mtoto wake akaja kumchukua kumpeleka Cape Town, duka likafungwa. Siku ya kufunga aliniambia nichague kimoja, chochote. Kulikuwa na kikubwa chenye joka jekundu ambacho kila mteja alikitaka. Nikachukua kile cha nyufa. Anti akatikisa kichwa, akasema alijua. Kisha akanionya nisije nikadanganywa wala nikajidanganya: si cha kale, kimetengenezwa juzijuzi kwa mtindo wa kale, hakuna mnunuzi atakayekikimbilia. "Ni kizuri tu," akasema. Akakifunga kwa gazeti na taulo yake mwenyewe.

Nikapanda nacho kilima kurudi Yeoville, nimekipakata kama mtoto mchanga, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimebeba kitu ambacho siku ya kukimbia ningekiacha. Mtu asiyewahi kukimbia hatajua hiyo ni raha gani.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa ya vyumba viwili, mimi, mdogo wangu na binti yake. Nilikiweka karibu na dirisha, juu ya kigoda, peke yake. Asubuhi jua lilipokuja kwa ubavu, ile mistari midogo ya rangi ya chai ilijitokeza, na jioni ilibaki ile myeusi tu. Nilikuwa nakunywa chai yangu nakitazama. Hilo ndilo lililokuwa jambo langu. Wengine wana mwanamume, wengine wana mfululizo wa televisheni.

Mdogo wangu hakupumzika. Mara kakiwekea kitambaa cha kufuma chini. Mara kaegemeza rimoti. Siku moja nilikuta amekichomeka waridi la plastiki lenye umande wa gundi.

"Toa."

"Dada, kinatia huruma. Watu wakija wanadhani tunaokota jalalani."

"Wadhani."

"Kiwe hata na ua!"

"Hakina njaa," nikamwambia.

Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Wageni nao, kila aliyeingia, neno lilikuwa lilelile: "Mama, chombo chako kimepasuka, unajua?" Kama vile mimi kipofu. Na mwenyekiti wa kamati, wakati huo akiwa mwenyekiti wa kina mama wa kanisa tu, alikuja na wenzake kuniona nilipougua, akapitisha kidole juu yake.

"Kinavuja?"

"Sijui. Sijawahi kutia maji."

"Yee! Hakina maji, hakina ua, kina nyufa. Sasa kinakaa hapa kufanya nini?"

"Kinakaa."

Akacheka, akawaangalia wenzake. "Mama huyu ameteseka sana," akasema, mbele yangu, kama mtu anayesema mvua imenyesha sana.

Mwaka 2018 binti yetu akachumbiwa. Kwetu harusi si ya mtu mmoja, msomaji anajua. Kamati inakaa, kila nyumba inatoa ilicho nacho, sufuria kubwa, viti, vitambaa, na watu wa kamati wanaingia nyumba za watu kama za mama zao. Silalamikii hilo. Sufuria zangu zilikwenda, nikazipeleka mimi mwenyewe. Rangi ya harusi ikapangwa: dhahabu na damu ya mzee.

Wakati huo nilikuwa nasafisha ofisi Braamfontein. Jioni moja narudi, nakuta kigoda kitupu.

"Nimekihifadhi kwa mwenyekiti," mdogo wangu akasema, huku anapepeta mchele, macho kwenye ungo. "Wageni wanakuja na watoto wao. Wasije wakakivunja."

Nikamwambia, "Mungu akubariki, mdogo wangu. Umewaza vizuri." Niliyasema kwa mdomo wangu huu. Nilimshukuru!

Na sasa niwataje, kila mmoja na alichofanya. Majina siandiki, lakini wenyewe wanajijua na Yeoville inawajua.

Wa kwanza ni mdogo wangu, aliyekitoa na kunidanganya. Wa pili ni mwenyekiti, aliyeamuru. Wa tatu ni mume wa mwenyekiti, fundi wa bodi za magari kule Bertrams, ambaye alikitendea chombo changu kama bampa. Huyu angalau alikuja mwenyewe baada ya harusi, aliposikia sili mezani na mke wake. Alikuja na chupa ya tina ya kutolea rangi na matambara, anatabasamu, anadhani tatizo ni rangi.

"Mama, dhahabu inatoka hii, usijali. Mimi ni mtu wa rangi miaka yote."

Nikakitoa chombo, tukakaa nje kwenye ngazi. Akafuta. Dhahabu ikatoka, kweli. Chini yake pakatokea kitu cha kijivu kilichofifia, kama jicho la mzee lenye mtoto wa jicho. Nikapitisha kiganja kutoka juu kama nilivyofundishwa. Kilikwaruza.

"Umefanya nini hapa?"

"Msasa, mama. Rangi haishiki kwenye kitu kinachoteleza, lazima ukipige msasa kwanza. Nimeanza na ule mkali, nikamaliza na laini. Na zile nyufa nikazijaza pati, nikasawazisha. Gusa, gusa uone. Husikii hata ufa mmoja."

Alikuwa anajivuna, masikini. Lilikuwa ganda lote, lile la kioo lililokuwa na jua ndani. Amelisugua lote.

"Na mdomo?"

Hapo akashusha sauti. "Mdomo ulikuwa mdogo. Manyoya yaligoma kuingia. Mama mwenyekiti akasema panua. Nikaukata kwa grinda, diski ya marumaru, polepole, na maji. Haikupasuka hata kidogo, mama. Mtu mwingine angekivunja."

Nikakigonga kwa ukucha. Kilitoa sauti ya bati lenye mchanga.

"Kwa nini hamkuniuliza?"

"Eish, mama. Si ilikuwa ya kukushtua kwa furaha?"

Nilimpa chai, akanywa, akaondoka na matambara yake. Nilikaa na kile chombo kwenye ngazi mpaka majirani wakaanza kuniuliza kama nimefiwa.

Wa nne ni mchungaji. Nilikwenda kwake kwa sababu kwetu hapa ndiye mahakama. Akatuita sote ofisini kwake, nyuma ya kanisa. Nilikileta chombo nikakiweka mezani. Mwenyekiti hakukiangalia. Alikuja na chake, kipya, alichonunua katika maduka ya jumla upande wa Fordsburg, kirefu kama mtoto wa miaka mitano, chekundu, kina vioo na pambo la kumetameta.

"Mama," akaniambia, "nimekuletea kizuri kuliko kile. Kizima."

"Sikukuomba."

"Unaona, mchungaji? Anatafuta vita. Tumemtoa aibu mbele ya wakwe, badala ya asante..."

"Aibu gani? Ilikuwa ndani ya nyumba yangu!"

"Kilikuwa kimepasuka!"

"Hakikuwa kimepasuka. Ndivyo kilivyotengenezwa. Nimewaambia nyote, mara ngapi? Mkasema mama ameteseka."

Mdogo wangu akaanza kulia. Akasema nikiendelea nitaitia mkosi ndoa ya mtoto. Mtoto mwenyewe, nimtetee, hana kosa, alikuwa ndani ya shela yake. Alipoona nimenuna aliniambia kwa Kiingereza chake kwamba mbona kimependeza, na alimaanisha.

Mchungaji akakunja mikono. Akasema kwa sauti ile ya Jumapili kwamba anaelewa. Labda mama alikipenda chombo hiki kwa kuwa na yeye moyo wake umejaa nyufa, na alijiona ndani yake, na Bwana huponya nyufa. Wakasema amina.

Nilitamani kupindua meza. Mimi na nyufa zangu! Nilikipenda kwa sababu kilikuwa kizuri. Bega lile, jinsi lilivyoshuka. Rangi ile. Mistari ile jua likiwa ubavuni. Kwani mtu aliyeunguziwa nyumba haruhusiwi kupenda kitu kwa sababu ni kizuri tu, mpaka kifanane na mateso yake? Tajiri wa Sandton akiweka chombo kama kile kwenye veranda, watu wanasema ana macho. Mimi nikikiweka, wanasema amechanganyikiwa, tumsaidie, tumzibie. Nikamwambia mchungaji hayo yote, si kwa mpangilio huu, kwa kelele. Akasema, "Mama, ni chungu tu. Samehe, tufunge kwa maombi." Wakafunga kwa maombi. Mimi sikufumba macho.

Kile chekundu kiliachwa mlangoni kwangu kesho yake. Nikakirudisha kwa mikono yangu, nikakiweka mlangoni kwa mwenyekiti, pambo likanibaki kwenye nguo wiki nzima. Sasa ni 2019 na bado ananisalimia kanisani kama mtu aliyenifanyia hisani nisiyoijua thamani yake. Watu wanasema nimekuwa mgumu. Mdogo wangu anapika, tunakula, hatuzungumzi habari hiyo.

Basi nasema hapa, kwa maandishi, maana kwa mdomo wamekataa kusikia. Sitaki chombo kingine. Sitaki maombi. Mdogo wangu atajibu kwangu, tukiwa wawili, na fundi wa bodi nimeshamsamehe nusu kwa sababu alikuja. Lakini wewe, mama mwenyekiti, uliyesimama mbele ya ukumbi mzima ukapigiwa makofi, nataka usimame mbele ya watu walewale, bila kunihurumia, bila kutaja vita wala moto, uwaambie kwamba uliingia nyumba ya mtu, ukachukua kitu kizima, ukakiharibu. Kisha ujibu mbele yao swali ambalo mchungaji hakukuuliza: ulikitazama hata mara moja kabla hujatoa amri? Na wewe mchungaji, uliyefunga shauri langu kwa amina, ni zamu yako kulifungua. Mpangie siku. Nitakuja.